TOPLAS, JFP, PACMPL au Programming: jarida lipi la utafiti wa lugha za programu kwa mtu aliyeko Kigoma?

Swali hili huja kwa sura mbili. Kuna mwalimu wa kompyuta wa sekondari pale Ujiji anayetaka kujua kwa nini lugha ya programu ya Rust inakataa programu ambayo lugha ya C inaipitisha bila kelele, na video za dakika kumi zimeshamchosha. Kuna na mwanafunzi wa uzamili anayesoma Chuo Kikuu Huria kupitia kituo cha mkoa, ambaye msimamizi wake amemwambia atoe walau makala moja kwenye jarida la kimataifa kabla hajatetea tasnifu. Wa kwanza anatafuta cha kusoma, wa pili anatafuta pa kutuma, na wote wanaishia kwenye majina yaleyale bila kujua waanzie lipi.

Nimechagua majarida manne ambayo mtu anaweza kuyasoma kutoka Mwanga, Gungu au Kasulu bila kuwa na kadi ya benki. Yapo mengine mazuri. Science of Computer Programming la Elsevier, kwa mfano, lipo tangu 1981, ila makala zake nyingi zina malipo. Anayelihitaji aulize maktaba ya chuo chake kama imesajiliwa Research4Life, mpango unaozifungulia taasisi za nchi kama yetu majarida ya wachapishaji wakubwa. Hapa naliacha.

Tutapima nini

Kila jarida nitaliuliza mambo manne: linachapisha nini na linadai hesabu kiasi gani, kulisoma kunagharimu nini, kutuma kazi kunadai nini kwa ada, ratiba na safari, halafu linamfaa nani. Umaarufu sikuufanya kigezo. Yote manne yana wahakiki wa kweli na wahariri wanaojulikana katika fani, na mtu akikuuliza lipi "kubwa" bila kukuuliza unalitakia nini, huyo bado hajakusaidia.

Ili tusielee hewani, tushike mfano mmoja wa kubuni. Mwalimu wetu ameunda lugha ndogo ya kufundishia kidato cha pili. Amri zake ni "kama", "rudia" na "andika", na mazoezi yake ni hesabu za wachuuzi wa dagaa wa Kibirizi. Niseme mapema kwamba kubadili maneno ya amri kuwa Kiswahili peke yake si utafiti. Hedy, lugha ya kufundishia iliyoanzishwa na Felienne Hermans wa Uholanzi, tayari inamruhusu mwanafunzi aandike amri kwa lugha nyingi, na mhakiki yeyote ataitaja kwenye aya yake ya kwanza. Basi tuseme mwalimu amekwenda mbali zaidi: ametumia ngeli kama taipu, yaani aina ya thamani ambayo lugha huikagua kabla ya kuendesha programu. Ukiandika "kikapu kimejaa" kompaila, yaani programu inayotafsiri msimbo ili mashine iutekeleze, inapitisha. Ukiandika "kikapu imejaa" inakataa, na inakueleza kosa lako kwa Kiswahili kinachoeleweka. Hapo kuna wazo. Tuone kila jarida litalifanyia nini.

TOPLAS

Jina lake kamili ni ACM Transactions on Programming Languages and Systems; ACM ni chama cha kimataifa cha wanakompyuta. Lilianza 1979, nalo ndilo kongwe kati ya haya manne.

Yaliyomo. Makala ndefu, zilizokomaa, zenye uthibitisho mpaka hatua ya mwisho. Humu ndimo Lamport, Shostak na Pease walimochapisha mwaka 1982 tatizo la majenerali wa Bizanti, yaani mashine zitakubalianaje ikiwa baadhi yake zinadanganya. Watu wa blokcheni wanalitaja hadi leo. Mwaka 1991 Cytron na wenzake walieleza humu namna ya kupanga programu upya ndani ya kompaila ili kila kigeu kipewe thamani mara moja tu. Mpangilio huo ndio unaotumika ndani ya LLVM, na LLVM ndiyo inayotafsiri Rust, Swift na sehemu kubwa ya C ya siku hizi. Kwa hiyo aliyekompaili Rust jana usiku kwenye laptopu yake ameitumia makala hiyo, awe anajua au hajui.

Kusoma. Mwaka 2022 ACM ilifungua bure machapisho yake yote ya kuanzia 1951 hadi 2000, na tangu Januari 2026 makala za maktaba yake ya kidijitali zinasomeka bila malipo. Makala ya kawaida ni PDF ya megabaiti chache, kwa hiyo bando la siku linatosha kabisa. Kikwazo kiko kwenye alama. Utakutana na mistari milalo yenye masharti juu na hitimisho chini, na herufi za Kigiriki kila mahali. Asiyewahi kusoma mantiki aanze na utangulizi na mifano, aziruke kanuni, kisha azirudie akiwa ameshajua zinatafuta nini.

Kutuma. Hakuna tarehe ya mwisho wala safari. Unatuma kazi ikiiva, na unaweza kungoja miezi mingi kabla ya jibu. Kwenye ada ndipo pa kusoma kwa makini. Kwa kuwa msomaji halipi tena, gharama imehamia upande wa mwandishi au chuo chake. Chuo kilichojiunga na mpango wa ACM Open huwalipia watu wake, na walioko nje ya mpango hudaiwa ada kwa kila makala, isipokuwa nchi yao ina msamaha au punguzo. Sasa, Tanzania Benki ya Dunia iliipandisha Julai 2020 kuwa nchi ya kipato cha kati ngazi ya chini, ilhali kwenye orodha ya Umoja wa Mataifa bado tumo kati ya nchi zenye maendeleo duni. Mchapishaji anayefuata orodha ya Umoja wa Mataifa anaweza kukusamehe yote, na anayefuata ya Benki ya Dunia akakupunguzia sehemu tu. Uliza ni orodha ipi kabla hujabonyeza kitufe cha kutuma. Hili linahusu PACMPL pia, maana nyumba ni moja.

Lugha yetu ya ngeli hapa itaulizwa jambo moja kubwa: unaweza kuthibitisha kwamba programu iliyopita ukaguzi wa ngeli haitavunjika kwa kosa la taipu ikiwa inakimbia? Bila uthibitisho huo, haina mahali.

Linamfaa nani. Mwanafunzi wa uzamivu mwenye nadharia iliyokamilika na muda wa kungoja. Pia linamfaa msomaji anayetaka chanzo chenyewe cha mbinu iliyomo kwenye kompaila yake.

JFP

Journal of Functional Programming linachapishwa na Cambridge University Press tangu 1991.

Yaliyomo. Lugha zinazojenga programu kwa funksheni: Haskell, OCaml, Scheme, Racket, Agda na ndugu zao. Hesabu ipo, tena nyingi, lakini jarida hili lina kitu ambacho wengine hawana kwa kiwango chake, nacho ni lulu. Hizi ni makala fupi zinazochukua wazo moja na kulisugua mpaka ling'ae. Richard Bird wa Oxford ndiye aliyeilea safu hiyo tangu mwanzo wa jarida. Mfano ninaompa kila anayeniuliza ni makala ya Gérard Huet ya 1997 kuhusu "zipper", njia ya kutembea ndani ya mti wa data na kubadili tawi moja bila kuuharibu mti wote. Ina kurasa sita. Mtu aliyewahi kuandika programu kwa mwaka mmoja anaweza kuisoma jioni moja na akalala ameelewa, na sijui makala nyingine nyingi za kitaaluma ninazoweza kuziahidi hivyo.

Jarida hili halidharau ufundishaji. Mwaka 2004 Matthias Felleisen na wenzake walichapisha humo hoja yao ndefu juu ya namna ya kuwafundisha programu wanaoanza. Pia hutoa mihtasari ya tasnifu za uzamivu zilizokamilika. Kwa mtu aliye mbali na semina za vyuo vikuu, mihtasari hiyo inamwonyesha vijana wa fani hii wanahangaika na nini sasa, bila kusoma tasnifu nzima.

Kusoma. Tangu 2022 makala mpya ziko wazi. Kati ya zile za zamani kuna ambazo bado zinauliza malipo. Zikikukatalia, andika jina la makala kwenye injini ya kutafutia, kwani waandishi wengi wa fani hii huweka nakala kwenye kurasa zao wenyewe.

Kutuma. Wakati wowote, bila safari. Ada ya mwandishi ipo kwa jina, na Cambridge ina utaratibu wa kuiondoa kwa wanaotoka nchi zisizo na uwezo.

Lugha ya ngeli ina nafasi nzuri humu kwa sharti moja: programu yake ya kukagua ngeli iandikwe kwa lugha ya funksheni, na iandikwe vizuri kiasi kwamba msimbo wenyewe unasomeka kama maelezo. Ngeli kumi na kitu, upatanisho wa kiambishi, funksheni moja inayokagua zote. Nikiwa mwalimu wetu, ningeanza kuiandika kama lulu.

Linamfaa nani. Msomaji mpya mwenye subira. Mwalimu. Developa anayejua Haskell au yuko tayari kujifunza. Asiyependa kabisa programu za funksheni ataona kila makala inamwimbia wimbo uleule.

PACMPL

Hili linahitaji maelezo zaidi, kwa sababu ni jarida na si jarida. Proceedings of the ACM on Programming Languages lilianza 2017, na ndani yake mna mikutano minne: POPL uliokutana mara ya kwanza 1973, OOPSLA wa tangu 1986, ICFP wa 1996, na PLDI uliojiunga 2023. Katika sayansi ya kompyuta watafiti walizoea kupeleka kazi zao bora mikutanoni. Kamati za kupandisha vyeo katika nchi nyingi, na za vyuo vyetu zimo, huhesabu kwanza majarida. Mtu alikuwa na makala POPL, mahali ambapo wenzake wote wanaota kufika, halafu ofisi ya utumishi inamwambia "hii ni ya mkutano tu." PACMPL ilitatua hilo kwa kuzifanya makala za mikutano ziwe za jarida, zenye uhakiki wa zaidi ya hatua moja.

Yaliyomo. Kila kitu kilicho moto. POPL huegemea nadharia, PLDI huegemea kompaila na utekelezaji, ICFP ni funksheni, na OOPSLA ina mlango mpana kuliko wenzake. Mwalimu wa Ujiji mwenye swali la Rust jibu lake liko hapa: RustBelt, makala ya POPL ya 2018 iliyoandikwa na Ralf Jung na wenzake, iliyothibitisha kwa hesabu kwamba kanuni za umiliki wa kumbukumbu za Rust zinalinda kweli zinachosema zinalinda, hata pale maktaba zake zinapotumia msimbo usiokaguliwa na kompaila. Ni ngumu. Utangulizi wake, lakini, unaeleza tatizo vizuri kuliko video nyingi nilizoziona.

Kusoma. Wazi tangu toleo la kwanza. Mawasilisho mengi ya mikutano hii pia yapo YouTube. Mtu anaweza kumsikiliza mwandishi kwa dakika ishirini kabla ya kuamua kama kurasa zake zinamfaa. Video hula bando, basi punguza ubora wa picha. Slaidi zina maandishi makubwa na bado zitasomeka.

Kutuma. Hapa ndipo mtu wa Kigoma anapaswa kukaa chini na kupiga hesabu. Tarehe za mwisho ni za chuma. Kurasa ni kati ya 20 na 25 kulingana na mkutano, bila kuhesabu marejeo. Uhakiki hufanywa majina yakiwa yamefichwa pande zote mbili, na kwetu hilo ni neema: mhakiki wa kwanza anaisoma kazi bila kujua kama imetoka Pittsburgh au Kigoma, kwa hiyo anashughulika na hoja. Ukikubaliwa, unaalikwa kuweka programu na majaribio yako yakaguliwe na kamati nyingine ili makala ipate nembo ya kuaminika. Mara nyingi hilo maana yake ni kupandisha faili la gigabaiti kadhaa lenye mfumo mzima ndani yake, na kwa hotspoti ya simu kazi hiyo inaweza kula usiku kucha na kukatika ikiwa imefika asilimia tisini. Ni busara kuomba seva ya chuo Dar es Salaam au Dodoma, ukafanya kazi humohumo tangu mwanzo na kupandisha kutoka huko.

Kisha safari. Makala inategemewa kuwasilishwa mkutanoni, na mikutano hii kwa kawaida huwa Marekani, Ulaya au Asia. Viza inaanzia ubalozini Dar es Salaam, zaidi ya kilomita 1,200 kwa reli, kabla hujafikiria ndege. SIGPLAN, kundi la ACM linalosimamia mikutano hii, lina mfuko wa kusaidia nauli hasa za wanafunzi, na kuna mikutano inayoruhusu kuwasilisha kwa mtandao. Andikia kamati mapema, kwa barua fupi iliyonyooka. Ada ya makala nimeshaieleza kwenye TOPLAS.

Lugha ya ngeli humu itaulizwa maswali mawili kwa pamoja: kipya ni nini, na una ushahidi gani? POPL watataka uthibitisho. OOPSLA watataka majaribio, na kulinganishwa na lugha nyingine za kufundishia. Kazi ya mtu mmoja anayefundisha vipindi ishirini na kitu kwa wiki haifiki hapo bila mwenza.

Linamfaa nani. Mwanafunzi mwenye msimamizi aliyewahi kuchapisha huko, na kundi lenye seva na angalau nusu mwaka wa kazi bila kukatizwa. Kwa msomaji linamfaa yeyote, mradi achague.

Programming

Jina kamili ni The Art, Science, and Engineering of Programming, nalo pia lilianza 2017. Kulitafuta mtandaoni kwa jina fupi ni adhabu; tumia jina refu.

Yaliyomo. Linaipokea kazi kwa mitazamo minne: sanaa ya kuandika programu, sayansi ya nadharia, sayansi ya majaribio, na uhandisi. Mwandishi anataja mwenyewe kazi yake isomwe kwa mtazamo upi. Hii inabadilisha mengi, kwa sababu kazi ya kuwachunguza wanafunzi wanaojifunza haihukumiwi kwa kukosa nadharia, wala insha yenye fikra haihukumiwi kwa kukosa grafu.

Kusoma. Bure. Ninachokipenda zaidi ni muhtasari wake. Kila makala lazima ieleze kwa mpangilio uleule muktadha, swali, njia iliyotumika, kilichogunduliwa, msingi wa madai, na umuhimu wake. Msomaji mwenye intaneti ya kusuasua anasoma nusu ukurasa na anajua kama ashushe PDF au aachane nayo.

Kutuma. Mwandishi halipi chochote. Kuna nafasi tatu za kutuma kwa mwaka, na kazi inayohitaji marekebisho hurudishwa irekebishwe badala ya kutupwa. Makala zilizokubaliwa huwasilishwa kwenye mkutano wake wa mwaka, uliowahi kufanyika Brussels, Porto, Tokyo, Lund na Prague, kwa hiyo suala la viza lipo vilevile. Udhaifu mwingine ni umri: mjumbe wa kamati ya chuo aliyesoma miaka ya tisini huenda hajawahi kulisikia. Chapisha ukurasa unaoonyesha bodi ya wahariri na utaratibu wa uhakiki, uuambatanishe na maombi yako.

Lugha ya ngeli humu iko nyumbani. Swali litakuwa: wanafunzi wa kidato cha pili wanapokutana na kosa la ngeli badala ya kosa la taipu, wanalirekebisha haraka zaidi? Darasa moja la Ujiji, likigawanywa kwa makini na kwa idhini ya shule na wazazi, linaweza kuanza kulijibu.

Linamfaa nani. Mwalimu, developa mwenye fikra aliyefanya kazi miaka kadhaa, na mtafiti anayechunguza watu zaidi ya alama.

Uamue vipi

Kama lengo ni kusoma tu, na hesabu yako iliishia kidato cha nne, anza na lulu za JFP na mihtasari ya Programming. Mwenye swali mahsusi kuhusu lugha anayoitumia kazini atafute PACMPL, asome utangulizi na sehemu ya kazi zinazohusiana, na afuate marejeo kurudi nyuma. Mara nyingi yatamfikisha TOPLAS ya miaka ya themanini au tisini.

Mwanafunzi wa uzamili mwenye mwaka mmoja uliobaki asitegemee TOPLAS, maana majibu yanaweza kuja baada ya mahafali. Programming au JFP ni matumaini ya kweli zaidi. Mwenye miaka mitatu ya uzamivu na msimamizi mzoefu ajaribu PACMPL. Akikataliwa bado ana maoni ya wahakiki mkononi, na kazi hiyo ikiongezwa uthibitisho inaweza kwenda TOPLAS.

Mhadhiri anayehesabu alama za kupanda cheo aiulize kamati yake kwa maandishi kama inaitambua PACMPL kama jarida, na afanye hivyo kabla ya kutuma.

Asiye na chuo kabisa, mathalani developa wa Mwanga anayefanyia kazi sebuleni, ada zinamsukuma kwenye Programming, au kwenye JFP akiomba msamaha wa ada. Anaweza pia kuweka rasimu arXiv, hazina ya mtandaoni ya rasimu za makala, kwenye kundi la cs.PL (lugha za programu), ili isomwe huku akingoja. Hapo hakuna uhakiki, na anayetuma mara ya kwanza kwa kawaida huhitaji kudhaminiwa na mtu aliyekwishachapisha kwenye kundi hilo. Mtafute mtu huyo sasa, wakati rasimu bado inaandikwa: mwandishi uliyemsoma na ukamwandikia swali lenye maana kuhusu ukurasa fulani wa makala yake.